Televisheni ya Inchi Kumi na Nne

Kitengela,
9 Machi 2001

Papa,

Nakusalimu kwa heshima. Nimeinamisha kichwa unishike kwa salamu, ijapokuwa ni kwa karatasi tu. Sisi huku hatujambo. Baba Ezra bado yuko pale kiwanda cha simiti, siku hizi amewekwa karakana ya malori. Ezra yuko darasa la pili na anasoma vizuri kuliko nilivyosoma mimi. Kisemei mdogo, huyu wa jina lako, ameng'oka meno mawili ya mbele na akiongea anapuliza. Mimi shuleni niko salama, nimepewa darasa la nne, watoto wamejaa hadi mlangoni. Yeyo anaendeleaje na lile goti? Mwambie mama yangu namsalimu sana.

Papa, kuna jambo limenichefua mpaka chakula kinanishinda. Hapa tunapopanga kuna jirani, Mama Melvin, ndiye peke yake mwenye TV. Jioni watoto wa ploti husimama kwenye dirisha lake kutazama katuni, kwa maana ndani hawaruhusiwi. Anasema wanamchafulia zulia. Jumamosi iliyopita alimwaga beseni la maji kupitia dirisha hilo hilo. Yalikuwa maji aliyofulia nepi. Ezra alikuja nyumbani yakimtiririka shingoni, na mdogo wake yamemwingia mdomoni. Nilipoenda kumwuliza alisema hakujua kama kuna watu. Nyuma yake TV ilikuwa inawaka, na ukikaa kwenye kiti chake dirisha lote unaliona.

Sikuombi kitu, Papa. Baba Ezra anasema tungoje mwaka ujao, akimaliza kulipia kiwanja. Nimekuandikia tu kwa sababu mambo mengine huwezi kuyaongea hapa plotini.

Mwanao,
Resian

&nbsp;

Kajiado,
2 Aprili 2001

Resian, nakerai,

Takwenya. Najua, mtoto wangu, umeitikia "Iko" ukisoma, kwa hivyo tuendelee.

Mvua imeanza kidogo. Ng'ombe waliobaki baada ya ule ukame wameanza kuonekana kama ng'ombe tena. Mama yako goti bado linamsumbua lakini hataki kusikia habari ya hospitali. Barua yako nilimsomea mara mbili. Nilipofika pale pa nepi akaniuliza huyo mwanamke ni wa watu gani. Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi usiniambie."

Mimi nimefanya kazi ya josho miaka mingi. Nimeshika kupe walioshiba damu na nimetoa ndama waliooza tumboni mwa mama yao. Hakuna lililonichukiza kama hilo beseni. Mjukuu wa jina langu hatakunywa maji ya nepi kwa sababu ya katuni. Nitauza yule maksai mwekundu, na itakayopatikana kwa bei yake ndiyo mtakayokuwa nayo. Zaidi sina.

Nilienda madukani Kajiado siku ya soko. Nilikuwa nimeoga na nimevaa koti la Jumapili. Kijana wa duka la kwanza hakuniacha nifike kwenye meza.

"Mzee, unataka nini?"

"Televisheni ya rangi, ya wajukuu."

"Hizi si za bei yako. Simama pale mlangoni kwanza, kuna wateja."

Mteja alikuwa mama mmoja aliyenunua balbu. Nikasimama. Yule kijana akachukua mkebe wa marashi ya kupuliza, akapuliza pale niliposimama, kama mtu anayefukuza nzi. Dawa ile ilinishika ulimi. Nilitoka nje nikatema mate mpaka mdomo ukakauka.

Duka la pili lilikuwa baya kwa namna yake. Televisheni zimewashwa zote pamoja, na zote zinaonyesha mwanamume na mwanamke wakilambana midomo saa sita mchana, watoto wa shule wamejaa mlangoni. Mwenye duka alinishika bega akaniita baba yake mzazi. Alitaka nichukue kubwa ya inchi ishirini na moja, nilipe kidogo kidogo. Mdomo wake ulinuka sigara na alikuwa ananisifu koti. Sijui kati ya hao wawili ni yupi aliyenichukiza zaidi. Afadhali labda yule wa marashi.

Nitaenda kwa Musau, yule Mkamba anayetengeneza redio nyuma ya soko. Yeye haniuzii kitu, kwa hivyo hatanisifu.

Baba yako,
Kisemei

&nbsp;

Kitengela,
25 Aprili 2001

Papa,

Natumaini mko wazima. Sisi tuko, ila Kisemei mdogo alikuwa na homa, sasa amepona. Nilipowasomea watoto habari ya maksai walicheza nje mpaka usiku ukaingia. Baba Ezra akasema kitu kikubwa namna hiyo atakulipa vipi. Nikamwambia kwetu babu hadai.

Papa, usichukue ya mnada wala ya mtu anayehama. Hata ikiwa ndogo, heri mpya yenye waranti. Sebule yetu haizidi hatua chache kutoka ukuta hadi ukuta, kubwa itawaumiza watoto macho.

Ukishainunua tafadhali usijisumbue kuileta. Baba Ezra atapata lori la kazini aje aichukue. Na kama ni lazima ufike mwenyewe, niambie siku mapema, nikutafutie shati na suruali nzuri za hapa mjini, ubadilishe ukifika stendi. Hapa plotini watu wanaongea sana.

Resian

&nbsp;

Kajiado,
24 Juni 2001

Nakerai,

Takwenya. Nimechelewa kujibu kwa sababu ndigana, ule ugonjwa wa kupe, imeingia kwa ndama. Nimezika wanne. Wengine wamesimama, na mama yako anawakandia maji mwenyewe na goti lake hilo.

Televisheni ninayo. Nikueleze ilivyopatikana, kwa maana najua utaulizwa.

Kulikuwa na afisa mmoja aliyehamishwa, akawa anauza vitu vya nyumba. Televisheni yake ilikuwa kubwa, ya mbao pembeni, picha safi, na bei ilikuwa sawasawa na maksai. Nilikumbuka ulivyosema, lakini nilishawishika. Nikamwambia Musau aje aitazame kabla sijatoa mfuko. Akaiwasha, akaweka mkono mgongoni mwake, akasema, "Mzee, rudi nyuma kidogo." Akafungua skrubu. Mende walimwagika kutoka humo ndani kama dengu zilizopasua gunia. Wakubwa, wadogo, na wale weupe wasio na maganda bado. Waliingia chini ya viti, wakapanda miguu ya mke wa afisa. Mwenyewe hakuona haya. Alisema, "Hao wanatoka ukipuliza dawa." Watu waliosoma, wanakaa jioni na familia kutazama habari, na nyuma ya habari kumejaa hayo. Siku hiyo sikula.

Basi nimechukua mpya, ya rangi, inchi kumi na nne, kwa Mulei karibu na posta. Musau aliniambia nisitazame picha nikiwa mbele tu, nisimame upande, mahali mtoto wa mwisho atakapokaa. Nikasimama huko, nikaona vizuri. Akapandisha sauti mpaka mwisho tusikie kama inakoroma. Haikukoroma. Ilikuwa ile ya kuonyeshwa dukani, haina kasha, kwa hivyo Mulei alipunguza bei. Waranti iko, nimeiweka ndani ya Biblia.

Sasa iko katika nyumba ya mama yako, si yangu, karibu na kitanda, imefungwa kwa blanketi lake jekundu. Nikitoka tu kwa hawa ndama nitaileta mwenyewe. Mkwe wangu ana kazi zake. Shati ninalo.

Kisemei

&nbsp;

Kitengela,
20 Agosti 2001

Papa,

Nakusalimu, na Yeyo namsalimu. Nashukuru Mungu ulifika salama nyumbani baada ya kutuletea TV Julai. Tulipata habari kwa mwalimu mwenzangu anayetoka Kajiado.

Sijui nikushukuruje. Picha ni safi, hata bila kupandisha antena juu ya paa. Watoto hawaendi tena kwa Mama Melvin. Juzi yeye mwenyewe alipita mlangoni kwetu akajifanya anaomba chumvi, akaitazama.

Papa, nilisikitika kwamba uliondoka alfajiri bila chai. Tulipokuja kukuchukua kwenye ile loji tuliambiwa umeshaenda. Labda ulikuwa na haraka ya ndama. Nilikuwekea kiti kule nje barazani kwa sababu ndani kulikuwa na joto, nadhani ulielewa. Na ile loji ni kwa kuwa nyumba ni ndogo, nawe unajua Baba Ezra ni mtu wa usafi sana, ana mambo yake. Mtu akishaolewa hana budi kufuata.

Watoto wanauliza babu yao, guka kama wanavyokuita, atarudi lini.

Resian

&nbsp;

Kajiado,
14 Oktoba 2001

Resian,

Takwenya. Barua yako ilifika zamani.

Ndama waliobaki ni wazima. Mvua bado. Goti la mama yako liko vile vile. Anauliza kama televisheni inaonyesha vizuri, na kama wajukuu wake wanaona watu wa mbali. Nimwambie nini?

Salimia watoto.

Kisemei

&nbsp;

Kitengela,
30 Novemba 2001

Papa,

Hatujambo. Shule zimefungwa. Ezra amekuwa wa tatu.

Mwambie Yeyo wanaona vizuri. Ila nina habari moja mbaya kidogo, nisingependa uisikie kwa mtu mwingine. Ile TV ilianza kutoa harufu ya kuungua, hasa ikiwa imewaka kwa muda. Fundi wa hapa akasema ni hatari kwa watoto. Ilibidi tuibadilishe dukani, tukaongeza kidogo, tukapewa nyingine ya ukubwa huo huo. Si kosa lako wala la Musau. Vitu vya siku hizi ni hivyo tu. Blanketi la Yeyo nimelifua na kulitunza.

Barua yako ya mwisho ilikuwa fupi sana, Papa. Na hukumsalimia Baba Ezra. Je, kuna neno?

Resian

&nbsp;

Kajiado,
13 Januari 2002

Resian,

Mama yako ni mzima na ng'ombe ni wazima. Sasa nisikilize.

Baada ya Krismasi lori la kiwanda chenu lilivunjika ekseli karibu na hapa, na mkwe wangu Githongo akatumwa kulitengeneza. Spea ilichelewa. Akatembea kutoka barabarani hadi kwangu, amejaa grisi, akaniomba pa kulala. Nilimpokea vibaya. Nilimwonyesha mahali pa kuketi bila kumshika mkono. Tangu Julai nilikuwa nimemchukia huyo mtu, na sababu ya kumchukia uliniandikia wewe: ni mtu wa usafi sana, ana mambo yake.

Huyo mtu wa usafi alilala usiku mbili katika nyumba yangu ya mabati, yeye na mimi na vitoto vya mbuzi vilivyozaliwa juzi. Kimoja kilimkojolea kwenye soksi, akacheka, akazianika juu ya mlango. Mama yako alimpelekea maziwa ndani ya kibuyu, kwa heshima ya mkwe, akasimama mbali. Githongo alikunywa yote, akauliza kama kuna mengine. Asubuhi ya pili alinusa mkono wa shati lake, akasema, "Leo mwalimu atanilaza nje." Nikamwuliza, "Hata na wewe?" Akasema, "Aai, Mzee, pua ya mwalimu haijui mume wala mkwe. Ndiyo maana hata ile TV..." Kisha akatazama viatu.

"Ile televisheni iliungua wapi?" nikamwuliza.

"Kuungua? Nani amesema iliungua?"

Nikamngoja amalize mwenyewe.

"Ikipata moto ilikuwa inatoa kaharufu huku nyuma. Ka moshi, na ka mafuta ya kondoo. Mimi kalinikumbusha kwa nyanya yangu. Lakini Resian alisema kanamtoa roho. Alipanguza na Dettol wiki mbili. Nilimwambia katakwisha kenyewe, akakataa."

Basi nilikaa hapo na kuhesabu upya mambo yote ya Julai, kila moja nikilitoa kwa Githongo na kuliweka kwako.

Sikuwa nimeyasema kwa sababu niliona haya kwa niaba ya mume wako. Kile kiti cha nje hakikuwa cha joto, jua lilikuwa limeshazama na nilikuwa na baridi. Kikombe nilichonywea chai nilikiona tena nilipopita jikoni kwenda msalani, kwa maana msala wenu umepakana na sufuria, jambo ambalo hata ng'ombe wangu hawalifanyi. Kikombe kilikuwa peke yake ndani ya karai la dawa ya kufulia. Vya wengine vilikuwa kwenye meza. Nikasema moyoni, mkwe wangu ni mtu wa namna hii, maskini binti yangu. Kisha mkanipeleka kwenye loji. Shuka zake zilikuwa na madoa ya watu wengine, na chini ya mto kulikuwa na kucha zilizokatwa. Huko ndiko ulikoona baba yako anafaa.

Na jambo moja ambalo hujui. Ulinipa samaki. Mzima, na macho yake. Unajua sisi wazee tunamwona samaki kama nyoka wa majini, hukulelewa mbali. Lakini nilikuona umemkaanga kwa kujivunia, umemzungushia nyanya, na wajukuu wananitazama. Nilimla. Kila tonge lilipopanda nililirudisha chini. Nilitapika stendi alfajiri, pale ambapo hungeniona.

Hiyo harufu uliyopanguza na Dettol ni ya nyumba ya mama yako. Ile televisheni ilikaa kando ya kitanda chake karibu miezi miwili kwa sababu ya ndama. Harufu yenyewe ni moshi wa kuni za oloirien anaotumia kusafisha vibuyu ili mtoto anywe maziwa asiumwe tumbo. Wewe mwenyewe hukuumwa tumbo.

Sina la kuongeza. Nikiendelea nitaandika maneno ambayo baba haandiki.

Kisemei

&nbsp;

Kitengela,
3 Machi 2002

Papa,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Salamu zangu kwako, na kwa Yeyo.

Baba Ezra hajui uliniandikia nini, lakini aliporudi Januari hakuniongelesha siku nzima, na yeye si mtu wa kununa.

Nitakuambia kitu kimoja, si kwa kujitetea. Nilipokuwa chuo cha ualimu, kila nikirudi kutoka likizo wasichana wa bweni walikuwa wanafungua madirisha. Nikiingia tu, mmoja anainuka na kufungua, hata mvua ikinyesha. Nilijifunza kuoga mara tatu, na kuchoma nguo nilizotoka nazo nyumbani. Ile shuka ya bluu ya Yeyo, niliyosema iliibwa, niliichoma nyuma ya jiko la chuo. Baadaye sikuhitaji tena mtu wa kufungua dirisha. Nilikuwa nalifungua mwenyewe.

TV ilipokuja nililala nayo chumba kimoja usiku wa kwanza, na ile harufu ikanifikia kitandani. Sikulala. Nilikuwa nasikia dirisha likifunguka.

Sikujua habari ya samaki.

Yeyo amejua?

Resian

&nbsp;

Kajiado,
19 Machi 2002

Resian, nakerai,

Takwenya. Mvua imefika, na safari hii ni ya kweli. Ng'ombe watatu wamezaa.

Barua yako niliisoma peke yangu kule joshoni. Hao wasichana wa madirisha, wamekwishakuwa walimu sasa, na wanafundisha watoto wa watu. Nikifikiria hilo natamani kutema mate. Lakini si wao waliokilowesha kikombe changu, na hilo sitajifanya nimelisahau. Bado linanichukiza. Naamka nalo. Labda litapungua. Sijui.

Mama yako hajui. Aliniuliza kwa nini televisheni ilibadilishwa, nikamwambia ya Mulei iliungua waya. Sasa kila akienda soko anampita Mulei bila kumsalimu, na Mulei ananiuliza amemkosea nini. Nimemdanganya mke wangu kwa ajili yako, na maskini Mulei ndiye anayelipa.

Goti limemzidi. Hawezi tena kufika barabarani, kwa hivyo usingoje aje kwako. Tangu ulipoolewa hujalala hapa hata usiku mmoja. Unafika asubuhi na soda na mkate, na saa tisa unatazama saa. Yeye husema, "Ni kazi nyingi, mwalimu hana nafasi." Nami nilikuwa naitikia.

Aprili shule zikifungwa njoo na watoto. Githongo akipata ruhusa aje pia, vitoto vya mbuzi vimekua na adabu sasa. Njooni mlale. Mama yako ameshatandika ngozi mpya upande wake wa kitanda, ameianika jua siku nyingi, anasema mtalala naye wewe na Kisemei mdogo, awasimulie.

Sitakuomba uipende harufu ya nyumba ile. Mtu hawezi kuamriwa tumbo lake, mimi nalijua hilo. Maziwa yakikushinda, sema umeshiba, atakuamini. Usiku ukikushinda, toka nje ujifanye unaenda haja, nitakuwa nimekaa mlangoni pangu, nami sitauliza.

Ila neno moja. Atakukumbatia. Atakuweka uso pale shingoni kwake kama alivyokuwa akifanya, na hatakuachilia haraka. Hapo, Resian, usizuie pumzi. Macho yake yamefifia, lakini hilo atalisikia.

Baba yako,
Kisemei